Benchi la Nyuma

Jumatatu, 16 Januari 1950

Shule imefunguliwa. Nusu ya chaki zimekuja zimevunjika. Wasichana wapya wanalilia kwao, wa zamani wanawacheka. Nimewatenganisha. Mchana nimepika kisamvu, Mama hakukigusa. Anasema hana hamu ya chakula. Lakini kila upepo ukileta mlio wa treni kutoka Pugu, anainua kichwa. Nimemwuliza anamngoja nani. Akaniambia nimfunike miguu.

Alhamisi, 19 Januari

Raheli amekuja.

Nilikuwa nafagia uwanja. Nikaona mwanamke anapanda kilima, sanduku la bati kichwani, hana haraka. Nikamjua kwa mwendo kabla sijamwona uso. Mdogo wangu. Yule ambaye jina lake lilisomwa kanisani akatengwa, mwaka ule alipoolewa na Shabani mwenye duka karibu na stesheni ya Soga. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alisimama kulisikiliza jina la mwanawe likisomwa, na tangu siku ile hakukaa tena mbele.

Shabani amefariki mwaka jana. Raheli amemaliza eda. Wanawe wawili wanafanya kazi reli, binti yake ameolewa Mlandizi, wajukuu anao. Ameyasema yote mlangoni, sanduku bado kichwani. Kisha akasema, "Nimerudi nyumbani, Dada. Na kanisani nataka kurudi."

Mama hakushangaa. Kumbe walikuwa wamekwisha kupelekeana salamu za kurudi kwake. Mimi sikuambiwa.

Jioni Mama amemaliza sahani nzima.

Jumapili, 22 Januari

Raheli alikaa karibu na mlango. Ibada ilipokwisha wanawake walimzunguka kama bibi harusi. Wale wale waliokuwa wakinyamaza jina lake likitajwa. Mmoja alilia. Sikumbuki mtu aliyewahi kulia kwa kuniona mimi.

Nyimbo zote aliimba bila kitabu, beti zote. Mimi ndiye ninayezifundisha, na ubeti wa nne lazima niangalie.

Nina wivu. Nauandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuusema.

Jumatano, 1 Februari

Niandike vizuri, nijue kinachoniuma.

Omari wa Kurui aliniposa kabla Raheli hajaondoka. Mtu mpole, mwenye michungwa. Alisema nibaki na dini yangu, hatanizuia. Nikaenda kumwuliza mchungaji wa wakati ule, Mzungu. Akaniambia Mkristo anayeingia katika ndoa ya namna ile amejitoa mwenyewe kutoka mikononi mwa Bwana, na aliyejitoa amepotea. Nikaogopa. Nikamkataa Omari. Nililia mpaka mpunga ukavunwa, kisha nikaacha.

Haukupita muda mrefu, Raheli akafanya lile lile nililoliogopa. Kila mtu akasema amepotea. Sikufurahi, Mungu ni shahidi. Lakini nilipata mahali pa kusimama. Yeye ana mume na watoto, mimi nina uzima wa milele. Kila mmoja na fungu lake. Nilipokuwa naumwa peke yangu nilijiambia hivyo. Nilipowaona wenzangu wanabeba watoto mgongoni nilijiambia hivyo.

Sasa amekwisha kula cha duniani, na cha mbinguni anakitaka.

Jumamosi, 11 Februari

Mchungaji Yeremia amekuja kumwona Mama. Ni kijana kwangu, lakini nampa heshima yake. Alikaa kwenye kigoda akanywa chai. Mama alimwuliza kama atakuwa na Raheli mbinguni. Akasema ndiyo. Akasema mtoto akiondoka nyumbani hajaacha kuwa mtoto. Bwana alimshika siku ya ubatizo, na hakuna wa kumnyang'anya.

Mama alilia kwa furaha. Raheli alikuwa jikoni, alisikia yote, moto ukamzimikia.

Nikauliza, "Na yule ambaye hakunyang'anywa, bali alitoka kwa miguu yake?"

Mchungaji alizungusha kikombe. Akasema, "Mwalimu Ester, hilo wazee watalizungumza."

Wazee wamegawanyika. Mzee Natanaeli anasema aliyeonja kisha akatema ameanguka, na njia ya kurudi si ya kuingia tu kama mtu aliyekwenda sokoni. Aanze mafundisho upya, pamoja na wale wasiobatizwa. Wengine wanamfuata Mchungaji. Watakaa Jumamosi ijayo. Wameniita nikaeleze maisha ya mdogo wangu.

Kama Mchungaji anasema kweli, mimi nilimkataa Omari bure.

Nimeandika. Nimeisoma tena. Ndicho kinachoniuma hasa.

Jumamosi, 18 Februari

Nilisema kweli mbele ya wazee.

Nilisema kwamba alikuwa akifunga Ramadhani pamoja na mumewe. Kwamba wanawe wote wana majina ya kwa baba yao na walisomeshwa Kurani chuoni. Kwamba Baba alipokufa alikuja mazikoni akasimama mbali, kanisani hakuingia. Mzee Natanaeli akauliza kama miaka yote hiyo alikuwa akimwomba Yesu. Nikasema sijui. Hiyo nayo ni kweli.

Sikusema kwamba siku ile ya mazishi sisi tulirudi nyumbani tukamwacha kaburini peke yake, na jua likazama bado yuko pale. Sikusema kwamba kila Krismasi alimletea Mama kanga na mchele kwa mkono wa watu wa treni. Hawakuniuliza.

Wameamua. Mwaka mzima akae benchi la nyuma, na mafundisho aanze mwanzo. Asikaribie Meza ya Bwana mpaka mwaka uishe. Mchungaji aliinamisha kichwa, hakubisha. Wazee ni wengi, yeye ni mmoja.

Nimerudi nyumbani mwepesi, kama niliyetua kuni. Ni vibaya kuwa mwepesi hivi. Lakini ndivyo nilivyokuwa.

Jumapili, 19 Februari

Raheli amekaa benchi la nyuma. Pale hukaa waliotengwa: Filipo anayelewa, na binti mmoja aliyezaa bila ndoa. Wamesogea wakampa nafasi.

Njiani aliniambia, "Nimesikia ulisema kweli, Dada. Ahsante."

Nimeitafuta kejeli katika maneno yake. Sikuiona. Afadhali ningeiona.

Jumapili, 26 Februari

Sijui nianzeje.

Mama na mimi tunakaa benchi la pili kutoka mbele, upande wa wanawake. Tangu Baba afe ni pale. Leo tumeingia, nimekwenda mahali petu, nikageuka kumshika mkono akae. Hayupo. Anarudi nyuma na fimbo yake, polepole, watu wote wanaangalia. Mzee Natanaeli alisimama akamwonyesha kwa mkono kwamba kiti chake kiko mbele. Mama alimwamkia kwa adabu, akapita.

Akakaa kati ya Raheli na Filipo mlevi.

Nilibaki na nafasi tupu ubavuni. Nilijifanya nasoma. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nasikia Mama anakohoa nyuma, na mtu anampigapiga mgongo. Hiyo ilikuwa kazi yangu.

Jumanne, 14 Machi

Masika yameanza. Paa lilikuwa likivuja juu ya kitanda cha Mama, nilitega sufuria. Raheli amepanda juu mwenyewe, na umri wake ule, akaziba kwa makuti. Wasichana wangu wa shule walikuja kumshikia ngazi. Sikuwatuma.

Jioni aliwasimulia habari za kuku wa stesheni masta wa Soga. Kuku huyo alipanda behewa la mizigo akaenda kutaga Ruvu, akarudishwa na gadi wa treni amefungwa kamba mguuni kama mahabusu. Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

Mimi nimempikia Mama, nimemwogesha, nimemsomea Maandiko, nimemtoa funza. Sijapata kumchekesha. Si kwa kutotaka. Sina kuku wa kusimulia. Nimekaa hapa kilimani maisha yangu yote nikijihifadhi.

Kujihifadhi kwa ajili ya nini, sasa naanza kuuliza.

Ijumaa Kuu, 7 Aprili

Ibada ndefu. Nimejaribu kuhuzunika kwa ajili ya Bwana. Nimehuzunika kwa ajili yangu.

Jumapili ya Pasaka, 9 Aprili

Meza ya Bwana. Wanawake walipoitwa, nilisimama nikageuka kumtazama Mama. Hakusimama. Mchungaji alimngoja. Wote tulimngoja. Mwisho alishuka akamfuata benchi la nyuma, akamsemesha kwa sauti ndogo. Mama hajui tena kusema kwa sauti ndogo, masikio yamekwisha. Kanisa zima likasikia.

"Nitakula siku atakayokula mwanangu."

Mchungaji akarudi mbele.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti. Nikapewa mkate. Mama, na mimi je? Mimi si mwanao? Hapa ninakula. Mbona huji kula na mimi?

Sikusema. Nilimeza.

Ijumaa, 21 Aprili

Mama ana homa. Kifua kinamlia. Dresa, mwuguzi wa zahanati, amekuja na dawa ya maji, akasema tumkinge na baridi na tumwombee. Mtu wa dawa akianza kusema tumwombee, najua maana yake.

Nimeogopa jambo moja. Mama hajakaribia Meza tangu Februari. Akifa, atakufa bila chakula cha Bwana, kwa sababu ya yale niliyoyasema mimi. Na nilisema kweli. Nashikilia hilo neno kweli kama mtu anayezama anavyoshika jani.

Raheli halali. Mimi silali. Tunapishana na beseni bila kusemezana.

Jumatatu, 24 Aprili

Omari amekuja kutoka Kurui kumjulia hali Mama. Amekuja na mkewe na kikapu cha machungwa ya mwanzo.

Mvi zimemjaa. Meno ya mbele mawili hayapo. Sauti ni ile ile. Alisema, "Hujambo, Mwalimu," nikasema sijambo, habari za Kurui, akasema njema. Basi. Hayo ndiyo tuliyosemezana. Mkewe ni mnene, mcheshi, alimkanda Mama miguu bila kuombwa.

Na Raheli alizungumza naye kwa raha. Habari za Soga, nani kafa, nani kahamia Mlandizi kufungua genge, mvua zimeanzaje. Walikuwa kama ndugu. Kabla ya kuondoka Omari aliinua mikono akamwombea Mama dua. Raheli akaitikia amina. Mama akaitikia amina. Mimi nilikuwa mlangoni na vikombe, nikachelewa.

Walipokwenda nilikula chungwa moja nyuma ya nyumba. Tamu. Nikala jingine. Nikalia kidogo, nikanawa, nikaingia ndani.

Jumamosi, 29 Aprili

Niandike kama ilivyotokea, bila kupamba.

Mchungaji Yeremia alikuja asubuhi na mkate na kikombe, kwa ajili ya mgonjwa. Raheli alipoviona alisimama atoke nje, kama ilivyoamriwa. Mama alimshika kanga. Hana nguvu hata ya kushika kijiko, lakini kanga aliishika. Raheli akakaa pale pale chini, kando ya kitanda.

Mchungaji aliomba. Akampa Mama mkate mkononi. Mama aliuangalia. Akauvunja. Kipande kimoja akatia kinywani, kingine akampelekea Raheli mdomoni, kama anavyolishwa mtoto mdogo.

Raheli hakufungua mdomo. Alimwangalia Mchungaji. Mchungaji alikuwa amegeuka dirishani, anaangalia mvua. Aliangalia muda mrefu. Hakuna cha kuangalia kule, ni migomba tu.

Kisha Raheli akaniangalia mimi.

Sikujua nifanye nini na uso wangu. Nilikuwa na hasira, na aibu, na wivu, vyote pamoja. Mkono wa Mama ulikuwa bado hewani na kile kipande. Nikasema, "Kula, mkono wa Mama unachoka."

Akala.

Baadaye kikombe. Mama alikunywa kidogo, Raheli kidogo. Mchungaji alipogeuka kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Nikanywa na mimi. Hakuuliza.

Jumatano, 3 Mei

Mzee Natanaeli amenifuata shuleni. Watu wanasema maneno, sijui yametoka wapi. Alisimama mlangoni mwa darasa na kofia mkononi. Si mtu mbaya. Analilinda kanisa kama mtu anavyolinda shamba lake na nguruwe, na amelinda muda mrefu, tangu Wazungu walipoondoka wakati wa vita ile ya kwanza na wazee wakabaki peke yao.

"Mwalimu, nasikia Raheli amepewa chakula cha Bwana. Mchungaji alimpa?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Alimpa?"

"Mchungaji alimpa Mama."

"Mama peke yake?"

"Mchungaji alimpa Mama peke yake."

Alinitazama. Ananijua tangu nikiwa mtoto, anajua sisemi uongo. Akavaa kofia akaenda.

Nilisema kweli, kama nilivyosema Februari. Safari hii sikuwa mwepesi. Nikawaambia wasichana wasome kimya, nikakaa.

Jumapili, 14 Mei

Homa imemtoka Mama. Ameketi barazani na uji. Amesema uji hauna sukari. Akianza kulalamika, amepona.

Sikwenda kanisani. Nimesema nabaki na mgonjwa. Raheli alikwenda peke yake benchi lake. Amerudi na mafundisho ya leo: amri kumi, maana yake. Anayarudia kwa Mama kama mtoto wa darasa la kwanza, na anayajua yote tangu zamani, na hanung'uniki. Mzee Natanaeli ndiye anayewafundisha. Amemwambia anasoma vizuri.

Hata hilo nimelionea wivu. Nimechoka kuona wivu. Ni kazi kama kazi nyingine.

Jumamosi, 20 Mei

Mvua zimepungua. Mama amelala mchana. Mimi na Raheli tulikaa nyuma ya nyumba tunamenya mihogo. Kisha nikamwuliza lile ambalo nimetaka kumwuliza tangu alipotua sanduku lake.

Nilisema, "Ulipokwenda kwa Shabani, ulijua kwamba hutapotea?"

Alimaliza kumenya mhogo alioushika. "Hapana, Dada. Nilikwenda kumwuliza yule mchungaji. Alikwambia wewe, na mimi aliniambia vile vile. Kwamba nitapotea."

"Hukumwamini."

"Nilimwamini. Nilikaa Soga nikijua nimepotea. Nilipomzaa Hamisi uchungu ulinizidi, nikadhani nakufa, na nilijua ninakokwenda. Shabani aliniuliza nalia nini. Sikumwambia. Ningemwambiaje? Angeona ni kosa lake."

"Na bado ukakaa."

"Nilikuwa nampenda."

Akachukua mhogo mwingine. Alisema hivyo tu, bila kujisifu wala kujitetea. Akaniuliza kama chumvi ipo.

Nilidhani alichukua vyote viwili, cha duniani na cha mbinguni. Hakuchukua. Sote wawili tuliambiwa neno moja na mtu mmoja, na sote tuliliamini. Mimi nikamwacha Omari ili nisipotee. Yeye akakubali kupotea ili asimwache Shabani. Sijui nani kati yetu alimjua Mungu zaidi. Sijui kama mwamini anaweza kupotea. Mchungaji anasema hapana, Mzee Natanaeli anasema ndiyo. Raheli aliishi kana kwamba ndiyo, na bado aliimba beti zote.

Wivu haujaisha. Nilikuwa namwonea wivu kwa watoto, na wajukuu, na kicheko cha Mama. Leo namwonea wivu kwa kitu kingine. Mimi sijapata kumpenda mtu kiasi hicho. Hata Omari. Sasa najua, na ni vema kujua, ingawa inauma.

Tuliipua mihogo jioni. Ilikuwa migumu kidogo katikati. Tulimchagulia Mama iliyo laini, na sisi tukala iliyobaki.